Ipo, Iko, Imo

Bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa akiishi nje kidogo ya Pangani, hakuwahi kumuuliza msichana kama ana mimba. Alimtazama shingo. Pale chini ya koo, kwenye kijishimo kilicho kati ya mitulinga miwili, mshipa ukicheza kupita kiasi, bibi aliinamia ungo wake wa mchele na kusema, kama anayezungumza na mchele wenyewe: "Huyu si mtu mmoja." Mara nyingi alipatia. Siku alizokosea hazikuhesabiwa, na ndivyo ilivyo kwa waaguzi wa kila nchi.

Nilikuja kujua ukubwani kwamba jicho lile halikuwa la uganga. Tangu wiki za mwanzo, tumbo likiwa bado bapa, moyo wa mjamzito huanza kusukuma damu nyingi kuliko kawaida, na mishipa hulegea kuipokea. Kwa mtu mwembamba, shingo husema. Wachina walilijua jambo hilo kwa vidole. Katika utabibu wao wa mapigo ya mshipa, ambao Wang Shuhe aliuandikia kitabu katika karne ya 3, mwanafunzi hufundishwa kwamba mshipa wa mkono wa mjamzito huteleza chini ya vidole kama lulu zinazobingirika kwenye sahani. Mpigo huo wanauita wa furaha. Bibi hakuwahi kukutana na Mchina hata mmoja mpaka wajenzi wa barabara walipopita, na sidhani kama walizungumza habari za mishipa.

Nimeanza na shingo kwa sababu ya somo la sarufi. Darasani tulifundishwa viambishi vitatu vya mahali. Kitu kikiwa mahali panapojulikana, kipo. Kikiwa huko kusikobainika, kiko. Kikiwa ndani ya kingine, kimo. Mwalimu alituchapa kwa kuvichanganya, nasi tuliona ananyanyasa watoto kwa jambo dogo. Siku hizi, kila nikisoma jinsi watu wa nchi mbalimbali walivyozifasiri dalili za mimba changa, humkumbuka. Karibu wote walijibidiisha na swali la kwanza tu: ipo? Wachache mno waliuliza: imo? Wanawake wamekufa kwa sababu mimba ilikuwepo, kila mtu akafurahi, na hakuna aliyeuliza imekaa wapi.

Swali la kwanza lina historia ya kuchekesha na ya kustaajabisha. Wamisri wa kale waliandika kwenye mafunjo, na mojawapo ya hati hizo, yenye umri wa zaidi ya miaka 3,000, imehifadhiwa Berlin. Inamwagiza mwanamke akojolee kila siku mfuko wa shayiri na mfuko wa ngano. Zikiota, ana mimba. Shayiri ikitangulia ni mwana wa kiume, ngano ikitangulia ni wa kike. Zisipoota, hana kitu. Mtu angedhani ni porojo za makuhani. Lakini mwaka 1963 watafiti wa Kimisri walichapisha matokeo ya kuijaribu kanuni hiyo, na mkojo wa wajawazito uliotesha mbegu katika takriban asilimia 70 ya majaribio, ilhali mkojo wa wasio na mimba haukuziotesha. Habari ya mwana wa kiume na wa kike haikutimia. Hapo Mmisri alipita mipaka, kama mashangazi zetu wanaotazama umbo la tumbo.

Wagiriki wa shule ya Hippocrates walikuwa na njia nyepesi zaidi na, kwa maoni yangu, ya ovyo zaidi: mpe mwanamke maji ya asali anapokwenda kulala, tumbo likimsokota ana mimba. Ulaya ya baadaye ikawa na mafundi wa kutazama mkojo kwenye chupa na kutabiri kwa rangi yake. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1920, Selmar Aschheim na Bernhard Zondek huko Berlin wakagundua kwamba mkojo wa mjamzito una homoni, na panya mdogo wa kike akidungwa mkojo huo ovari zake hukomaa kabla ya wakati. Tatizo ni kwamba ovari hizo hazionekani mpaka panya achinjwe na kupasuliwa. Jibu la mwanamke mmoja liligharimu panya kadhaa.

Afrika ikaingia hapo, na sehemu yake haisimuliwi vya kutosha. Lancelot Hogben, Mwingereza aliyefundisha Chuo Kikuu cha Cape Town, alikuwa akimchunguza chura mmoja wa Afrika Kusini mwenye kucha miguuni. Ikaonekana kwamba jike la chura huyo likidungwa mkojo wa mjamzito hutaga mayai kabla ya kesho yake, na halihitaji kuuawa. Linarudishwa majini kungoja mkojo wa mwingine. Vyura hao wakasafirishwa kwa maelfu, na hadi miaka ya 1960 mwanamke wa London aliyetaka kujua hali yake alijibiwa na chura wa Afrika Kusini. Mwaka 1967 Margaret Crane, mchoraji aliyeajiriwa na kampuni ya Organon huko New Jersey, aliona mirija ya vioo imepangwa juu ya kioo cha kujitazamia katika maabara ya wenzake, akajiuliza kwa nini mwanamke asijipimie nyumbani. Wakubwa wake hawakulipenda wazo hilo. Leo kijiti cha kupimia kinauzwa kwenye kila duka la dawa, na mistari miwili inaeleweka Kariakoo kama inavyoeleweka Toronto.

Kijiti hicho ni kizuri, nisieleweke vibaya. Siku zikipitiliza, mkojo wa asubuhi wa kwanza hutoa jibu la kuaminika, na likiwa la mstari mmoja huku hedhi haijaja, rudia baada ya siku chache, kwa kuwa homoni hiyo huongezeka karibu maradufu kila siku 2 au 3. Ila kijiti ni mtoto halali wa shayiri ya Misri. Kinanusa homoni. Kinasema ipo. Hakina macho ya kuona mahali, wala hakijui kama kilichotunga ni mtoto.

Hili la mwisho lina jina zuri kwetu kuliko lilivyo lenyewe: mimba zabibu. Kondo huota peke yake vijifuko vingi vya maji, kama kichala, bila mtoto anayekua ipasavyo. Homoni hupanda kupita kawaida, kijiti hupiga mistari miwili mikali, kutapika huwa kwingi, tumbo mara nyingi hukimbia mbele ya tarehe, kisha damu huanza. Uholanzi, huko Loosduinen, kuna hadithi ya bibi mkubwa Margaret wa Henneberg, ambaye inasemwa mwaka 1276 alizaa watoto 365 kwa mkupuo kama adhabu ya kumkebehi maskini mwenye mapacha. Wanawake wasiopata watoto walikuwa wakihiji huko kunawa kwenye mabeseni yaliyodaiwa kuwabatizia watoto hao. Madaktari wengi wanaoisoma hadithi hiyo leo wanaona ndani yake zabibu, vijifuko vilivyohesabiwa kama watoto. Kila mila husimulia kwa msamiati ilionao.

Turudi mwilini. Dalili za kawaida mwanamke wa pwani hahitaji kusomewa gazetini. Siku zimepitiliza. Matiti yamejaa na yanauma, chuchu zinaanza kuwa nyeusi. Usingizi unamkamata saa nane mchana. Haja ndogo haimpi raha. Jirani akikaanga vitunguu, yeye anakimbilia uani. Kutapika kunaitwa kwa asubuhi, lakini kila aliyepitia anajua kwamba hakuna saa. Huanza karibu na wiki ya 6 na kwa wengi hutulia kabla ya wiki ya 16. Na mume aliyekuwa kipenzi wiki iliyopita sasa ananuka. Hapo wazee humfariji: "Si wewe, mwanangu, ni mimba imekukataa."

Sentensi hiyo naipenda kwa hekima yake ya kisheria: imemtoa mke hatiani, imemtoa na mume. Wahindi wa kale walikuwa na wazo linalofanana nalo. Katika vitabu vya Ayurveda mjamzito huitwa mwenye mioyo miwili, na anachokitamani hutamaniwa na moyo wa pili. Kumnyima ni kumdhuru mtoto. Kwetu pia hamu ya mjamzito haipingwi, hata ikiwa ni embe bichi usiku wa manane. Lakini Mhindi na Mswahili wote wawili wana doa moja katika adabu hii, nalo ni udongo. Sokoni udongo wa wajawazito unapangwa pembeni ya ndimu, na muuzaji hana habari umechimbwa wapi. Hamu ya kula udongo mara nyingi hufuatana na upungufu wa madini ya chuma mwilini, na udongo wenyewe unaweza kuleta minyoo na madini mazito. Kwa hiyo anayetamani udongo asichekwe, na asinunuliwe tu. Apimwe wingi wa damu.

Kutapika nako kunahitaji kutazamwa kwa macho mawili. Bibi alisema anayetapika sana amebeba mtoto wa kike mwenye nywele. Uingereza walisema wanawake hawa wana mishipa dhaifu au wanaikataa mimba moyoni, na madaktari wao wa karne ya 20 hawakuona aibu kuliandika hilo. Charlotte Brontë, mwandishi wa *Jane Eyre*, alikufa mwaka 1855 akiwa na mimba changa na kichefuchefu kisichokoma. Cheti cha kifo kilisema kifua kikuu, na wasomaji wengi wa barua zake hawajakubali mpaka leo. Mwaka 2023 watafiti walionyesha kwamba homoni iitwayo GDF15, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka upande wa mtoto na kondo, ndiyo inayochochea hali hiyo, na mwanamke ambaye mwili wake haukuizoea kabla ya mimba huteseka zaidi. Si nywele, na si moyo kukataa. Tangawizi, ambayo bibi aliichemsha na Wachina huitumia, husaidia walio na hali nyepesi, na wauguzi hawaipingi. Lakini anayeshindwa kuzuia hata maji tumboni kwa siku nzima, mkojo wake ukawa haba na wa rangi ya chai, anayesimama akaona giza, huyo hahitaji tangawizi wala subira. Anahitaji dripu.

Kuna mtego mwingine ambao ni wa kwetu zaidi kuliko wa Brontë. Uchovu, kichwa kuuma, kichefuchefu na mwili kukosa nguvu ni mimba, na ni malaria pia. Mwanamke hupita dukani akanywa dozi bila kupima malaria wala mimba. Mwingine hujua ana mimba, homa ikaja, akaambiwa ndiyo mimba yenyewe. Mimba changa inaweza kumfanya mtu asikie joto kidogo; haileti homa ya kutetemeka. Homa katika mimba ni ya kupimwa siku hiyohiyo, na mgonjwa amwambie mhudumu kwamba huenda ana mimba, hata kama ni ya wiki 5 na hajamwambia mama yake, kwa sababu dawa ya kuandikiwa hutegemea umri wa mimba. SP, kwa mfano, dawa inayotolewa kliniki kuzuia malaria, haitolewi katika miezi 3 ya mwanzo.

Upande wa sheria, pwani yetu ilirithi kutoka Uislamu utaratibu unaoheshimu ugumu wa kujua. Eda ya aliyeachwa, yaani muda wa kungoja kabla ya kuolewa tena, hupimwa kwa hedhi au twahara 3, ya mjane ni miezi 4 na siku 10, na ya mjamzito huisha ajifunguapo. Mwanamke aliyeachwa ameamriwa asifiche alichoumbiwa tumboni. Wanazuoni wakakokotoa kutoka katika Kurani kwamba mimba fupi kabisa ni miezi 6. Kuhusu ndefu kabisa wakatofautiana. Wahanafi walisema miaka 2, na Washafii, ambao ndio wengi pwani, wakafika miaka 4. Kule Maghrebu watu huzungumza hadi leo habari za mtoto aliyelala tumboni, anayeweza kungoja miaka kabla ya kuamka. Kuna anayecheka. Mimi naona rehema ya makusudi hapo: mlango uliachwa wazi kidogo ili mjane asitiwe aibu na mtoto asikose ukoo. Kama sheria, ilikuwa na huruma. Kama utabibu, ilimwacha mwanamke mwenye uvimbe tumboni akingoja mtoto.

Na wafalme nao hawakuepuka. Mary wa Kwanza wa Uingereza alitangazwa kuwa na mimba mwaka 1554. Hedhi ilikoma, tumbo likavimba, matiti yakajaa. Masika ya 1555 alijifungia Hampton Court kungoja uchungu. Kitanda kidogo cha mtoto kilichopambwa kikawekwa tayari. Miezi ikapita, tumbo likanywea, na ilipofika Agosti malkia aliondoka kimya. Dalili zote alikuwa nazo. Mtoto hakuwepo.

Sasa nije kwenye swali la pili, ambalo ndilo lililonifanya niandike.

Aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kuliandika alikuwa Mwislamu wa Andalusia, Abu al-Qasim al-Zahrawi, mpasuaji wa karibu na Córdoba aliyefariki mapema katika karne ya 11. Anasimulia habari za mwanamke aliyebeba mimba ikafa tumboni, kisha akabeba nyingine ikafa pia. Baada ya muda mrefu kitovu chake kikavimba, kikapasuka, kikatoa usaha, na katika usaha ule tabibu akaona mfupa. Akauvuta. Ukaja mwingine. Al-Zahrawi alishangaa, akafikiri, akaelewa kwamba ni mifupa ya mtoto, akaendelea kuitoa kidogo kidogo, na mwanamke akaishi. Kwa lugha yetu: ilikuwepo, lakini haikuwamo.

Kiswahili huita kizazi mji wa mimba, na sijui lugha yenye picha bora zaidi. Yai lililorutubishwa husafiri ndani ya mrija kuelekea mjini, safari ya siku kadhaa. Mara moja au mbili katika kila mimba 100 haliufikii mji. Linatia nanga nje, na zaidi ya asilimia 90 ya haya hutia nanga humohumo mrijani. Mrija una upana wa uzi mnene. Mimba inakua, na barabara haitanuki. Kwa kawaida kati ya wiki ya 6 na ya 8 mrija huanza kuchanika, na damu humwagikia tumboni, mahali ambapo hakuna nguo ya ndani ya kuionyesha. Hakuna namna ya kuihamishia mimba hiyo mjini; ikigunduliwa mapema hutibiwa kwa sindano au operesheni ndogo, ikichelewa ni mbio za roho. Hata Ulaya yenye hospitali ilichelewa kuelewa. Mwaka 1881 Lawson Tait, mpasuaji wa Birmingham, aliitwa kwa mwanamke aliyekuwa akivuja damu tumboni, daktari mwenzake akamsihi afungue tumbo, akakataa. Mwanamke akafa. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba kuondoa mrija uliochanika na kufunga palipovuja kungemwokoa. Tait alilibeba hilo, na mwaka 1883 ndipo alipomwokoa mgonjwa wa kwanza kwa operesheni aliyokuwa ameikataa.

Kwetu maumivu ya chini ya kitovu kwa mwanamke yana jina lililo tayari: chango. Chango ni neno kubwa. Linabeba maumivu ya hedhi, kutopata mtoto, mimba kutoka, ndoa yenye mikosi. Dawa yake ni mizizi, na kwa wengine kombe, na sina nia ya kuitukana dawa ambayo imewatuliza mama zetu wengi. Ubaya wa chango ni kwamba jina hilo likishatamkwa, uchunguzi umekwisha. Jambo lina jina, lina dawa, lina mtaalamu; nani ataendelea kuuliza?

Binti wa mjomba wangu alikuwa na miaka 24 na biashara ya vitumbua. Siku zilipitiliza, akanunua kijiti, mistari miwili. Nyumba nzima ikafurahi kwa kunong'ona. Siku chache baadaye akaona matone ya damu ya rangi ya kahawa, na maumivu upande wa kushoto. Bibi akasema ni chango linaigombania mimba, akachemsha mizizi. Binti hakuishia hapo. Alikwenda zahanati moja, ambayo sitaitaja, na mhudumu akampima tena mkojo, akaona mistari ileile, akasema mimba changa huuma, nenda kapumzike. Sikulitambua jambo hili wakati ule, ila sasa nalitazama kwa uchungu: mzee wa mizizi na kijana wa koti jeupe walifanya kosa moja. Wote waliuliza ipo? Wote walijibiwa ndiyo.

Siku ya tatu aliamka na maumivu ya bega. Akadhani amelala vibaya. Adhuhuri alianguka uani, jasho la baridi, midomo imekuwa kijivu. Bodaboda ilimkimbiza kituo cha afya katikati ya watu wawili waliomshikilia, na daktari mmoja mwanamke, nasikia hata hakukaa, alimbonyeza tumbo, akauliza swali moja tu: "Bega linauma?" Kisha akaagiza gari la wagonjwa. Damu ikijaa tumboni hugusa ule ukuta wa msuli unaotenganisha tumbo na kifua, na mshipa wa fahamu wa hapo hupeleka maumivu yake begani. Bega halikuwa na kosa lolote. Usiku ule alifanyiwa operesheni. Alipoteza mrija mmoja, akabaki na maisha yake.

Ndiyo maana nawasihi wasomaji watofautishe uzito wa dalili. Matone machache ya damu si lazima yawe msiba. Takriban mjamzito mmoja kati ya wanne huona damu kidogo katika miezi 3 ya mwanzo, na wengi wao huzaa salama. Lakini hakuna anayeweza kujua ni yupi kwa kutazama shingo, wala kwa kijiti. Siku zimepitiliza na kuna maumivu makali au ya upande mmoja? Nenda leo, hata ukiwa hujapima. Ukizimia, au bega likiuma, au ukahisi unabanwa na haja kubwa isiyokuja huku tumbo linauma, nenda sasa hivi, na usiende peke yako. Damu inayolowesha pedi kwa saa moja, mabonge, uchafu unaonuka pamoja na homa, mkojo unaochoma: hayo nayo si ya kumsubiri shangazi arudi kutoka shamba. Na aliyewahi kupata mimba nje ya kizazi, aliyewahi kuugua klamidia au kisonono, aliyefanyiwa operesheni ya mirija, au aliyeshika mimba akiwa na kitanzi, asingoje dalili yoyote. Aende mara tu kijiti kinapojibu.

Akifika, aombe picha. Ultrasaundi ilianza kutumika kwa wajawazito huko Glasgow, ambako Ian Donald na wenzake walichapisha picha zao za kwanza mwaka 1958, na kwa imani yangu ndiyo mashine ya kwanza katika historia yote hii iliyouliza imo? badala ya ipo? Picha ya mapema mno huweza isionyeshe kitu. Ukiambiwa haijaonekana, hilo si jibu. Ni agizo la kupima kiwango cha homoni kwenye damu na kurudia baada ya siku 2.

Lakini kabla ya picha kuna ukimya, na ukimya ndio unaonitatiza zaidi, kwa sababu nimelelewa ndani yake na naupenda. Mimba changa haitangazwi. Kuna hasidi, kuna kijicho, kuna ulimi usio na kheri. Wayahudi wengi hunyamaza miezi 3 kwa hofu ileile ya jicho. Wachina wengi hunyamaza miezi 3. Waingereza, wanaodai hawaogopi majicho, hunyamaza wiki 12 na kusema wanangoja picha ya hospitali. Hesabu moja, na sababu ya kweli iliyo chini yake ni moja: mimba nyingi zinazotoka hutoka ndani ya muda huo, mara nyingi kwa kasoro ya chembe za urithi ambayo haikusababishwa na jicho la mtu, wala kunyanyua ndoo. Anayenyamaza hujilinda na aibu ya kutangua habari. Bei yake ni kwamba mimba ikitoka, analia peke yake, maana msiba wake hakuna aliyeujua.

Bei ya pili ni ya kliniki. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri mjamzito aonane na wahudumu angalau mara 8, na mara ya kwanza iwe ndani ya wiki 12, yaani ndani ya wiki zilezile za kunyamaza. Mfereji unaokuwa uti wa mgongo wa mtoto hufungika mwezi mmoja tangu mimba kutunga, wakati wengine ndio kwanza wanahesabu vidole kama siku zimepita. Asidi ya foliki inayosaidia kuzuia mgongo wazi inafaa imezwe kabla ya hapo. Anayejitokeza mwezi wa 5, tumbo likiwa limeshamsemea, amekuta mlango huo umefungwa zamani. Wazee wetu walikuwa na methali iliyosimama upande wa kliniki bila kujua: mficha uchi hazai. Mimi ningefanya suluhu: jirani asijue, hasidi asijue, mawifi wasijue mpaka mama mtu apende; mkunga ajue wiki ileile mama anapojua.

Bibi hakuwahi kukiri kosa la chango. Hakuwa mtu wa kukiri. Aliendelea kutazama shingo, akaendelea kuchemsha tangawizi, na mizizi yake ikabaki ikining'inia jikoni kwenye kikapu kilekile. Ila miaka michache baadaye nilikuwa nimekaa naye barazani, akapita mke wa jirani, ameolewa mwaka huo, akatuamkia. "Shikamoo bibi." Bibi akaitikia marahaba, akamkazia macho pale penye mitulinga, akanyamaza kidogo, akaweka ungo chini.

"Njoo hapa, mwanangu," akasema. "Bega haliumi?"